Siku Kumi na Mbili Hatujala

Kaka yangu Mwinyimvua anajivunia mpunga utadhani aliuumba yeye. Babu yetu alilima mpunga hapa Chumbi, baba akalima, na Mwinyimvua naye analima, au tuseme analo bonde na wanawake wanalilima. Kwake duniani kuna chakula kimoja tu, wali. Ugali wa mahindi anauvumilia. Vingine vyote, kunde, mbaazi, choroko, mtama, mihogo, anaviita vitafunwa, na mtu aliyetafuna vitafunwa kwake yeye hajala. Utamkuta amemaliza bakuli mbili za mbaazi za nazi, anajifuta ndevu, umuulize, "Kaka, umeshakula?" Atakujibu uso mkavu, "Bado sijala."

Wala hasemi uongo, na hilo ndilo linalonikera. Mwongo ana nafuu, kwani moyoni anaujua ukweli. Kaka yangu anaamini. Na si yeye peke yake, Chumbi nzima ndivyo tusemavyo, nami nimesema hivyo tangu nilipoota meno. Lakini sikukaa hapa kuandika habari za Mwinyimvua, maana hana habari. Naandika za mkewe, Sikujua, wifi yangu, ambaye kwa miaka kumi na minne amewalisha watu wasiokula.

Kwao ni Mbwara, kule unakoanza kuyaona makazi ya Wamatumbi walioteremka kutoka milimani. Alipoletwa kwetu akiwa bibi harusi, wenzake wangeleta vyombo vya udongo na mashuka. Yeye alishuka na madebe manne. Mama yetu, Bi Mwanawetu, akamwita mbele ya wageni afungue, akidhani labda mna nguo. La kwanza lilikuwa kunde, la pili choroko, la tatu mbaazi, la nne mtama, vyote vimechanganywa na majivu ili visiliwe na wadudu. Mama akatia mkono, akautoa umejaa majivu, akauliza, "Mwanangu, umekuja na kuku wangapi?" Wanawake wakaangua kicheko. Mimi, Semeni, ndiye niliyecheka sana kuliko wote, na kicheko changu nakijua, kinasikika mpaka barabarani.

Sikujua hakulia. Alifunga vifuniko, akayaburuta madebe hadi uvunguni mwa kitanda chake, na huko yakakaa miaka yote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja cha mchanga ambacho Mwinyimvua alikuwa akikidharau kwa kuwa hakituamishi maji. Akakiomba. Akapewa kwa dharau ileile. Kila mwaka akapanda humo mbegu zake za milimani, akavuna, akapepeta, akachanganya na majivu, akajaza madebe. Chumba chao kilinuka jivu, na kaka alikuwa akikaa barazani na wenzake, analalamika kwamba ameoa jiko.

Nami nilirudi nyumbani na wanangu wawili baada ya talaka, nikaona kwa macho yangu alivyokuwa akipika. Watu wanaodhani kunde ni za kutupia chunguni tu wangekaa siku moja jikoni kwake. Fiwi zile nyeusi, jamii ya maharage aliyoipanda kandokando ya kunde, ambazo mpishi mvivu atakulisha uchungu uumwe tumbo hadi kesho, yeye alikuwa anazichemsha, anamwaga maji, anachemsha tena, anamwaga, na mara ya tatu ndipo anapotia chumvi na tui. Mtama aliutwanga mara mbili, akaupepeta, akaupika pamoja na kunde mpaka punje zikapasuka. Mbaazi hakuzitia nazi mpaka zilainike kabisa, maana tui likiwahi, alisema, mbaazi zinakaza roho. Na vyakula hivi havikumgharimu mtu chochote isipokuwa mgongo wake.

Sisi wanawake tunakula sinia moja na watoto, baada ya wanaume kupelekewa lao. Sikujua alikuwa wa mwisho kuketi, au hakuketi kabisa. Ukimwita, jibu lilikuwa lilelile: "Kuleni, wifi. Mie nshaonja jikoni." Tukaamini. Mpishi anaonja, hilo nani asiyelijua. Anaonja chumvi, anaonja kama zimeiva, anaonja tui, na mwisho anashiba. Ndivyo tulivyojiambia, na tulijiambia huku mikono yetu ikiwa siniani.

Mwaka wa mafuriko makubwa mpunga ulikuwa umezaa vizuri. Uliotangulia kuvunwa, Mwinyimvua aliupanga katika magunia ndani ya dungu lake bondeni, ile nyumba ya juu ya miti tunayolala wakati wa kuwinga ndege. Maji yalipoanza kupanda, vijana wa mtaani walikuja kumwambia wamsaidie kupandisha magunia nyumbani. Akawajibu kwamba dungu lile lilijengwa na baba yake na halijawahi kulowa hata ngazi. Siku ya tatu hatukuona ngazi. Siku ya nne hatukuona dungu. Mwinyimvua alisimama mtoni akitazama maji, na nadhani mpaka hapo alikuwa akisubiri mto umwombe radhi.

Nyumba yetu iko kwenye mwinuko, haikuguswa. Ndani tulikuwa watu tisa: Mwinyimvua na mkewe, mama, mimi, na watoto watano, mkubwa wao Kudra wa kaka. Mchele uliokuwemo ndani ulitosha siku mbili. Barabara ya kwenda Ikwiriri ilikatika. Ulipokwisha, Sikujua aliingia uvunguni, akayavuta madebe.

Siku ile tulipata kunde na mtama. Iliyofuata, choroko za nazi. Ikaja zamu ya mbaazi, zikaja fiwi, zikarudi kunde. Mwinyimvua alikula kila siku, na alikula kama mtu aliyelima, ingawa alikuwa amekaa. Kisha alikwenda barazani kwa wenzake, na huko nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Sisi kwetu hatujala tangu Jumanne." Wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni. Na wao walikuwa wametoka kula mihogo.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mmoja, Elinipendo, mtu wa Kaskazini, kwao kunakolimwa shayiri. Ndugu zake walikuwa wamemletea kiroba cha shayiri na dengu nyekundu kabla ya barabara kukatika. Alituletea nusu ya alivyokuwa navyo. Mwinyimvua akatia kidole kirobani, akanusa.

"Hii si ndiyo wanayopikia bia? Mwalimu anataka tusali tumelewa?"

"Mtume amekula mkate wa shayiri, baba Kudra," Sikujua akamjibu, na hakuacha kupembua.

Mama alikumbuka kwamba enzi za mumewe mwezi wa Ramadhani walikuwa wakiletewa shayiri kutoka mjini wakipika shurba, ule mchuzi mzito wa kufuturia. Sikujua aliiloweka kutwa nzima, akaichemsha na zile dengu, akatia kitunguu, binzari na kipande cha nazi kilichobaki. Ilitoka nzito, laini, ina utelezi fulani unaoshuka wenyewe. Mwinyimvua alikula bakuli tatu za pombe yake. Mimi ndiye niliyekwangua sufuria. Nakumbuka kwa sababu niliona wifi ameifunga bangili yake ya fedha kwa kitambaa cha khanga ili ikae kwenye kifundo cha mkono, nikamtania kwamba mafuriko yamemletea urembo mpya. Akasema inateleza, asije akaiangusha chunguni.

Siku ya kumi na mbili tangu mchele uishe, akaja bwana mmoja aitwaye Hilari. Alitumwa na watu wa msaada kuandikisha nyumba zilizokosa chakula, na zitakazoingia katika orodha zingepewa mbegu: mahindi ya kupanda mara maji yakishuka, na mpunga wa msimu unaofuata. Msidhani ni jambo dogo. Mbegu zetu zote za bondeni zilikuwa kwenye lile dungu. Nyumba isiyopata mbegu ilikuwa na njia mbili, kuliuza bonde au kwenda kuwa vibarua katika bonde la mtu mwingine. Bwana Hilari mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mabuti yake ya mvua mapya, kishikwambi amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na kila swali analisoma humo kama vile bila kuandikiwa asingejua la kumwuliza mtu mwenye njaa.

"Katika siku zilizopita, nyumba hii mmekula mara ngapi kwa siku?"

"Hatujala," akasema Mwinyimvua.

"Leo?"

"Leo, jana, juzi. Siku ya kumi na mbili hii hatujala."

Bwana Hilari akamtazama mama. Mama akasema ni kweli, hatujala. Akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimetoka kula kunde, tumbo limejaa, na nikasema, "Hatujala, baba." Sikuona tatizo lolote. Nilipogeuka nikamwona Sikujua amesimama mlangoni na sufuria mkononi, anakwenda kuiosha. Alikuwa amesikia yote. Akapita. Siku iliyofuata akapika choroko.

Baada ya juma moja Bwana Hilari akarudi, safari hii na nesi mwenye tepe ya kupima mikono, ile yenye rangi nyekundu, njano na kijani. Nyumba isiyokula siku kumi na mbili ilikuwa imewashtua wakubwa zake. Nesi akawapima watoto wetu watano, mmoja baada ya mwingine, na wote wakaangukia kijani. Akawapima tena. Kudra ana mashavu kama maandazi. Bwana Hilari akafunga kishikwambi chake, akasema tukutane shuleni alasiri, na watu wengine waje wasikie.

Darasa lilijaa. Bwana Hilari alisimama mbele, penye ubao.

"Mtu asiyekula siku kumi na mbili anazikwa," akasema. "Sasa nyumba ya Bwana Mwinyimvua haijala siku kumi na mbili, na watoto wamenona. Ama mmeficha chakula, ama mmenidanganya. Kwa vyovyote jina lenu nalifuta, na mbegu zitakwenda kwa wenye shida."

Nikamtazama kaka. Hapo pangehitajika maneno matatu tu, "Tumekula, bwana, kunde," na mambo yangeanza kunyooka. Lakini mbele yake walikaa wanaume wote wa Chumbi, na kwa Mwinyimvua afadhali bonde liende kuliko kusema mbele ya wenzake kwamba ameishi kwa madebe ya Mmatumbi.

"Bwana afisa," akasema, "nakula kiapo, sisi hatujala."

Na wale wenzake, wapumbavu waliokamilika, wakaitikia kwamba ni kweli hawajala, nao pia hawajala, hapa hakuna aliyekula. Bwana Hilari alizungusha macho darasani kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mwalimu Elinipendo ndiye aliyemwokoa. "Mimi nimekaa hapa mwaka wa nane," akasema. "Ukiwauliza hawa kama wamekula, wanakujibu habari za wali. Usiwaulize waliokaa barazani. Muulize mama aliyekuwa jikoni amepika nini."

Sikujua akaitwa. Alisimama, akaivuta khanga yake begani, akaanza kutaja siku kwa siku, bila haraka na bila kujisifu. Kunde na mtama. Choroko. Mbaazi. Fiwi. Shayiri ya mwalimu na dengu. Kunde na mtama tena. Alijua hata siku gani nazi iliisha. Nilimwangalia kaka yangu, mtu mzima na ndevu zake, anakodolea macho sakafu kama anatajwa kwa wizi. Aibu yake niliifurahia, nakiri.

"Kumbe mmekula," akasema Bwana Hilari. "Na mmekula vizuri kuliko mimi. Basi nyumba hii haina upungufu wa chakula. Nimefurahi, lakini mbegu hampati."

Huo ndio ukawa mzani wetu: kwa uongo tunafutwa, na kwa ukweli tunafutwa. Nilitaka kulia. Akawa anamalizia fomu yake, maana watu wa aina ile hawawezi kuacha fomu haijajaa hata kama imeshakukata shingo. Akauliza jina kwa jina, na Sikujua akamjibu.

"Jana Bwana Mwinyimvua alikula?"

"Alikula."

"Bi Mwanawetu?"

"Alikula."

"Semeni?"

"Alikula." Watoto akawajibia mmoja mmoja, wote walikula.

"Na wewe mwenyewe?"

"Sijala."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Mwinyimvua alicheka mpaka akajipiga paja, akasema, "Mwanamke huyu sasa kawa mtu wa Chumbi," na watu wakazidi. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke, kile kicheko changu cha mpaka barabarani. Kikakwama. Nilikuwa natafuta katika kichwa changu siku moja, moja tu katika zile zote, ambayo niliuona mkono wake umeingia siniani. Sikuipata.

Bwana Hilari hakucheka, labda kwa kuwa si wa hapa. "Mama, hujala wali, au hujala?"

"Sijala," akasema Sikujua. "Niliwapakulia, ikaisha."

"Na juzi?"

"Juzi nilipata ukoko."

"Wakati wote huo ulikuwa unasema umeonja?"

Hilo la kuonja nililiropoka mimi, sikuulizwa na mtu. Akanigeukia bila hasira. "Wifi, kuonja si naonja. Ningejuaje kama chumvi imekolea?"

Nesi akamwomba mkono. Sikujua akakifungua kile kitambaa cha khanga, akauinua mkono, na bangili ikateleza yenyewe mpaka juu ya kiwiko, ikakaa huko. Ile bangili mwaka wa harusi ilimbana, tuliipitisha kwa sabuni, mimi nikiwa nimeishika. Nesi akazungusha tepe yake ya watu wazima, akaisoma, akamwonyesha Bwana Hilari. Kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Mwinyimvua bado alikuwa na tabasamu usoni, amelisahau tu pale.

Bwana Hilari aliandika muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti, na nampa heshima yake kwamba alisoma polepole: nyumba ya watu tisa, wanaokula wanane. Nyumba ambayo mtu mmoja hukosa ili wengine wapate, akasema, inahesabiwa kuwa na upungufu, na jina linabaki. Mbegu zitaandikwa kwa jina la Sikujua.

Hivyo ndivyo tulivyopata mbegu. Hatukuzipata kwa mpunga wa babu wala kwa kiapo cha kaka, tulizipata kwa mkono ule. Mahindi tulipanda maji yaliposhuka, na mpunga msimu uliofuata, na ulikubali. Wali wa kwanza ulipoiva, Mwinyimvua alimaliza sinia, akaegemea ukuta, akatangaza barazani ili jirani wasikie, "Alhamdulillahi, leo nimekula." Sikumjibu. Kuna watu ambao hata kuwatukana ni kuwapa kitu.

Mama alifariki mwaka jana. Kabla hajafa alimwita Sikujua, akamwomba radhi kwa lile neno la kuku, na wifi akasema hata halikumbuki. Mimi nalikumbuka, na kicheko changu nakikumbuka, na radhi yangu sijaiomba, kwa sababu kila nikianza ananikata, ananiambia nimletee ungo.

Ninalofanya ni hili. Sinia likiwekwa, siingizi mkono. Nangoja. Yeye anazunguka, anapunguza moto, anafunika chungu, anasema, "Kuleni, wifi, mie nshaonja," nami nimekaa mikono mapajani mpaka watoto wananung'unika. Mwisho anakuja anaketi, anamega tonge, anachovya kwenye kunde, na huku ananitazama kwa kunikasirikia analipeleka kinywani. Nangoja alimeze. Ndipo nakula.